Rundo la sarafu ambalo halikuwepo kwenye chupa

Wadau habari za siku nyingi. Nimekaa kimya karibu miezi miwili, nilikuwa nahesabu vitu kwenye picha, na juzi ndo nikagundua kwamba nilichokuwa nahesabu hakikuwepo kwenye sampuli yangu kabisa, kilitengenezwa na rangi niliyoiweka mwenyewe. Naandika hapa kwa sababu najua wapo wanaosoma hii blogu wako bayokemia, wako maabara, na siku moja watakaa mbele ya hadubini ya elektroni, na hili jambo mimi darasani lilipita kwa sentensi moja tu.

Kazi yangu kwa ufupi. Niko Ujerumani kimasomo na nashughulika na HDL, chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, ile ambayo ukienda kupima kolesteroli daktari anakwambia hiyo ndo nzuri. HDL ikiwa changa, kabla haijabeba mzigo, ina umbo la kisahani: kipande kidogo cha utando, tabaka mbili za fosfolipidi (mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa) zimegusana mikia, halafu protini imezunguka pembeni kama ule ukingo unaozungushiwa ungo ili usifumuke. Upana wake ni kama nanometa 10, unene ni kama 5. Mimi navitengeneza kwenye chupa kwa kuchanganya protini na fosfolipidi aina ya POPC, halafu natakiwa kuonyesha kwamba kweli nimepata visahani na sio mabonge ya mafuta yanayoelea.

Sasa nanometa 10 huwezi kuona kwa hadubini ya kawaida ya mwanga. Inabidi elektroni. Na hapo ndo shida inapoanzia, maana utando umejengwa kwa haidrojeni, kaboni, naitrojeni, oksijeni na fosforasi kidogo, vitu vyepesi vyote, namba 1, 6, 7, 8 na 15 kwenye jedwali la elementi, na elektroni zinapita humo karibu kama hakuna kitu. Ukiweka kisahani kitupu kwenye gridi (kile kiduara cha kushikia sampuli) kikakauka, ukaangalia, utaona kijivu juu ya kijivu. Kwa hiyo watu wanaweka metali nzito: risasi ni namba 82, yurani ni 92, osmiamu 76, tangsteni 74. Hizo ndo "rangi" zetu, na neno rangi lenyewe linapotosha kidogo, mtu anafikiria kitu kinachopakwa juu kama rangi ya ukuta, ukuta unabaki ukuta. Hizi ni chumvi na oksidi za metali, nyingi zina chaji, nyingine zina asidi yake, nyingine zinakula vitu. Ukiziweka kwenye utando zinafanya kemia na utando.

Ninavyofanya ni hivi. Gridi ni kiduara cha shaba chenye kipenyo cha milimita 3, juu yake kuna ngozi nyembamba ya kaboni. Unaishika pembeni kwa kibano, unaipitisha kwanza kwenye mashine ya plazma kwa sekunde kadhaa (kuna mwanga wa zambarau unawaka ndani, mi bado napenda kuuangalia) ili kaboni ikubali maji, halafu unaweka tone la maikrolita 4 za sampuli. Unasubiri dakika moja. Unagusa ukingo na karatasi ya kuchujia, maji yananyonywa pembeni, unaweka tone la rangi, unanyonya tena, unaacha ikauke. Rangi inajaa pembeni mwa kisahani na kisahani chenyewe kinabaki cheupe katikati ya weusi. Dakika tano tu, ndo maana kila mtu anaipenda hii njia tangu Brenner na Horne walipoiandika mwaka 1959. Wao walitumia fosfotangsteti, PTA, na mimi ndo hiyo hiyo niliyoikuta kwenye friji ya maabara, chupa imeandikwa asilimia 2, pH imerekebishwa hadi 7 na ushee. Nikaona pH ni ya kistaarabu, karibu na ya mwili, nikaichagua kwa sababu hiyo.

Nikaweka gridi ndani, nikazima taa, kile kioo cha kijani kikawaka, na aisee! Marundo. Marundo marefu ya visahani vimepangana uso kwa uso, kama mtu amepanga sarafu za shilingi mia mezani halafu ukazitazama kwa ubavu. Mistari myeupe imepishana na myeusi, sawasawa kabisa, kati ya mmoja na mwingine nanometa kama 6. Rundo moja lina visahani 8, jingine 15, jingine linapinda kama nyoka halafu linaendelea. Nilikaa pale saa nzima. Moyo unadunda, nikasema hivi visahani vyangu vina tabia ya kujipanga, hii lazima ina maana kwenye damu.

Basi nikaanza kuhesabu. Urefu wa marundo, marundo mangapi kwa picha, protini ikiongezwa yanakuwaje, ikipunguzwa yanakuwaje. Nikachora grafu. Na grafu ilikuwa nzuri, ndo kitu kinachoniuma mpaka leo, data mbovu ingekuwa na fujo ningeshtuka mapema, lakini hii ilikuwa imenyooka.

Kuna dada mmoja kutoka Eldoret yupo maabara ya jirani, ana miaka mingi kwenye hizi kazi, ndo mtu wangu wa kuongea naye Kiswahili nikichoka. Nikampelekea picha kwenye laptop. Akaangalia kimya, akauliza swali moja tu.

"Hii umepaka nini, kaka?"

Nikamwambia PTA.

"Na bila PTA ulishaiangalia?"

Nikamwambia bila rangi haionekani dada, we mwenyewe unajua. Akasema sijakuuliza bila rangi, nimekuuliza bila PTA. Chukua chupa ile ile, leo leo, paka yuranili formati, ile chumvi ya yurani, kisha uje tuongee.

Nikapaka. Sampuli ile ile, dakika ile ile, gridi za boksi moja. Visahani vipo, tena vingi, lakini kimoja kimoja! Vingi vimelala chali unaona duara, vichache vimesimama kwa ubavu, mara moja moja viwili vimeegemeana. Hakuna rundo la 15. Hakuna nyoka. Nikarudia mara tatu siku hiyo hiyo kwa sababu sikutaka kuamini, mara zote tatu jibu ni hilo hilo.

Halafu ndo nikaenda kusoma, kitu ambacho nilitakiwa kufanya kabla. Kumbe hii hadithi ni ya zamani. Mwaka 1967 huko Norway ilielezwa familia ambayo watu wake wanakosa kimeng'enya kinachoitwa LCAT, kile kinachobadilisha HDL changa kuwa ya mviringo kama mpira, na mwaka 1971 Forte na wenzake wakapiga picha HDL za hao wagonjwa kwa PTA wakaona visahani vimepangana kama sarafu. Umbo la kisahani ni la kweli, hilo limethibitishwa kwa njia nyingine nyingi. Lakini kule kupangana kukazoeleka kwenye maandiko kama vile ni sehemu ya maisha ya kisahani, miaka na miaka, mpaka mwaka 2010 kundi la Gang Ren kule California lilipokaa likapima jambo lenyewe: badilisha rangi, badilisha chumvi, linganisha na sampuli iliyogandishwa bila rangi kabisa. Marundo yanafuata PTA. Sababu iko kwenye kichwa cha fosfolipidi. Kichwa cha POPC kina kolini, na kolini ina chaji chanya inayotazama nje kwenye maji. PTA ni kitu kikubwa chenye chaji hasi nyingi. Kwa hiyo PTA inashika uso wa kisahani hiki kwa mkono mmoja na uso wa kisahani cha jirani kwa mkono mwingine, inavivuta, vinakaa uso kwa uso, vinakauka hivyo hivyo. Chumvi nyingi kwenye bafa (yale maji ya sampuli yanayotunza pH) nayo inachangia mambo kuharibika, maana tone linapokauka chumvi inazidi kukolea.

Kwa hiyo ile grafu yangu iliyonyooka? Nilikuwa napima ni PTA kiasi gani inapata uso wa kolini wa kushika. Ni kipimo halali kabisa cha kemia ya PTA, ila hakuna mgonjwa yeyote duniani ana PTA kwenye damu.

Na nisieleweke kwamba yuranili ndo malaika. Ile ioni ya yuranili inapenda fosfeti kupita kiasi, ukiisahau bafa ya fosfeti kwenye gridi bila kuosha na maji unapata punje nyeusi kila mahali, na vichwa vya fosfolipidi vyote vina fosfeti, kwa hiyo inang'ang'ania kwenye utando wenyewe, inaukaza, utando ambao ulikuwa laini unakuwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa kwenye maji. Halafu asidi yake, pH kama 4 na nusu, kuna protini haziwezi kuvumilia. Na rangi yoyote utakayotumia, bado unakausha. Vifuko vya utando vyenye maji ndani vikikauka vinabonyea katikati kama mpira uliotoka upepo, na ndo maana kwa muda mrefu eksosomu, vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, zilielezwa kwamba zina umbo la kikombe, ikaonekana kama alama ya kuzitambua kabisa, kumbe zikigandishwa kwenye barafu bila kukaushwa ni za mviringo.

Hili la vikombe linanipeleka kwenye osmiamu, ambayo ndo mzee wa rangi zote za utando, na nataka nikae hapa kidogo.

Osmiamu tetroksidi tunaifanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, glavu mbili, kwa sababu mvuke wake unaweza kuharibu macho yako. Kila seli unayoiona kwenye kitabu, imekatwa vipande vyembamba na ina utando wa mistari miwili myeusi, karibu hakika ilipitia humo. Inafanya kazi kwa kushika zile bondi mbilimbili kwenye mikia ya mafuta. Na ukitaka kuona kemia hiyo kwa macho yako mwenyewe, angalia tunavyoua mabaki yake: tunamimina mafuta ya mahindi, haya haya ya kupikia chapati. Mara ya kwanza nilishangaa chupa ya mafuta ya kula inafanya nini ndani ya kabati la sumu. Unamimina, unatikisa taratibu, mafuta ya njano yanageuka kahawia halafu meusi tii kama oili chafu ya gari. Mafuta ya mahindi yana bondi mbilimbili nyingi, osmiamu inazishika zote mpaka inaisha. Basi yale yaliyotokea kwenye chupa mbele ya macho yako ndo yametokea kwenye utando wa seli. Mikia imefungwa pamoja na metali, kile kitu kilichokuwa kinateleza kama majimaji kimekuwa kama mpira mgumu mweusi.

Mwaka 1959 J. David Robertson akatoa wazo lake la utando mmoja wa aina moja kwa seli zote, mistari miwili myeusi na mweupe katikati, jumla nanometa 7.5 hivi, na yeye alitegemea sana pamanganeti ya potasiamu ambayo inaonyesha tando vizuri mno kwa sababu vitu vingine inavifutilia mbali, ribosomu huzioni. Picha zilikuwa safi, watu wakasoma kutoka kwenye ile mistari kwamba protini imetandazwa juu na chini kama mkate na mafuta katikati. Sasa mwaka 1967 Fleischer na wenzake wakachukua mitokondria wakaitoa mafuta zaidi ya asilimia 90 kwa asetoni, wakapaka osmiamu, wakakata, wakaangalia. Mistari miwili bado ipo! Mafuta yametoka, picha imebaki. Mwaka uliofuata Lenard na Singer wakaonyesha kwamba osmiamu na pamanganeti zinavuruga umbo la protini za utando, ile mizunguko ya heliksi inapotea sehemu kubwa. Singer huyo huyo ndo mwaka 1972 na Nicolson wakaleta picha tunayofundishwa leo, protini zinaelea ndani ya mafuta yenyewe. Mi nikisoma hizi karatasi kwa mfuatano naona kabisa kwamba ile mistari ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, yaani metali imetua wapi, na watu wakachukua jibu hilo wakaliweka kwenye swali lingine, utando umejengwaje.

Halafu mesosomu. Waliopita Form Five na Six mnaikumbuka hii. Mimi niliichora kwenye mtihani, bakteria ana ukuta, ana utando, halafu utando umekunjamana ndani kama utumbo mdogo, mshale, "mesosomu", kazi yake kupumua na kugawanya DNA. Nikapata vema. Picha za kwanza zilitoka mwaka 1953 kwa Chapman na Hillier, jina likaja 1960 kwa Fitz-James, na baada ya hapo kila mtu akaipa kazi, kugawanya seli, kushika DNA, kutoa vimeng'enya nje. Mwaka 1971 Nanninga akagandisha bakteria haraka bila kuwapitisha kwenye osmiamu, mesosomu zikapungua na kuwa ndogo. Mwaka 1981 Ebersold na wenzake hawakuziona kabisa, 1983 Dubochet na wenzake wakakata bakteria wakiwa bado wameganda, hazipo. Kumbe bakteria anapokufa polepole ndani ya dawa ya kukazia kama osmiamu, utando wake unajikunja. Kitu kimepewa jina, kimepewa kazi, kimefundishwa, na kilikuwa ni kilio cha utando unapokufa. Mimi nimechora hicho kilio kwenye mtihani zaidi ya miaka 30 baada ya 1983, na mwalimu wangu alikuwa mwalimu mzuri sana, simlaumu hata chembe, ila inaniuma kwamba vitabu vilivyotufikia vilikuwa bado vinakibeba.

Nisije nikawaacha mkidhani kila picha iliyopakwa rangi ni ya uongo. Wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaijua ndigana kali, inaua ng'ombe kwelikweli, inaletwa na kimelea kinaitwa Theileria parva kinachobebwa na kupe. Miaka ya 80 mwanzoni Don Fawcett, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hii hadubini duniani, alitoka Harvard akaja kufanya kazi Nairobi kwenye ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo kule Kabete, na yeye na wenzake ndo walionyesha kimelea kinavyoingia kwenye limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu: utando wa seli ya ng'ombe unakifunika kama zipu inavyofungwa, halafu ndani ya dakika chache ule utando uliokifunika unayeyuka, kimelea kinabaki huru ndani ya seli. Sasa hapo "utando haupo" ndo jibu lenyewe, na mtu angeweza kusema rangi haikushika. Lakini kwenye kipande kile kile utando wa kimelea unauona, tando nyingine za seli unaziona, rangi imeshika kote isipokuwa pale. Hiyo ndo picha unayoweza kuiamini, imebeba shahidi wake ndani. Picha yangu ya sarafu haikuwa na shahidi yeyote.

Na ile mistari miwili ya Robertson, ukiacha rangi kabisa? Dubochet na wenzake kule Heidelberg walijifunza kugandisha maji ghafla kiasi kwamba hayatengenezi fuwele, unatumbukiza gridi ndani ya ethani iliyopozwa ikawa kimiminika, maji yanakuwa kama kioo na sampuli imekwama humo ikiwa bado na maji yake, ndo kazi iliyompa sehemu ya Nobeli ya kemia 2017, pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson. Ukiangalia utando humo, bila osmiamu, bila yurani, bila PTA, mistari miwili myeusi ipo, hafifu lakini ipo, inatoka kwenye vichwa vyenye fosfeti. Kwa hiyo Robertson aliona kitu cha kweli kupitia dirisha chafu. Nilipokiona kwa macho yangu mwenyewe kwenye skrini mara ya kwanza, kile kimstari chembamba ambacho hakuna mtu amekipaka, nilinyamaza tu.

Basi nimeanza upya. Nimebadilisha bafa, nimepunguza chumvi, naosha gridi na matone matatu ya maji kabla ya rangi. Kila sampuli inapakwa rangi mbili kwenye gridi mbili, yuranili formati na amoniamu molibdeti, siku moja, na chupa hiyo hiyo inapimwa ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga ikiwa bado majimaji. Kile kipimo cha mwanga kilikuwa kwenye chumba cha tatu kutoka kwangu muda wote huu, na kinasema visahani vina upana wa nanometa 10 na kidogo, kimoja kimoja. Kingekuwa kinaona rundo la 15 kingesema kitu kikubwa zaidi. Kuhusu zile wiki za kuhesabu nimemwambia profesa ukweli wote, akasema weka picha hizo kwenye tasnifu, sura ya mbinu, usizifiche.

Kwenye mashine ya krayo, ile ya sampuli zilizogandishwa bila rangi, nimepata nafasi Jumatano ijayo kuanzia saa tatu asubuhi, siku nzima. Dada wa Eldoret amesema atakuja kunishikia kibano maana mara ya kwanza mikono inatetemeka. Nimeshaandika kwenye daftari kabla sijaona chochote: visahani kimoja kimoja, vingine vimelala, vingine kwa ubavu vikionyesha mistari miwili, marundo hakuna. Nimeweka tarehe na sahihi pembeni. Nikikuta marundo nitaandika hapa hapa pia.